Hondohondo na Nyumba Yake ya Udongo

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kutoa habari za ndege mmoja wa msituni ambaye wengi wetu husikia mshindo wake kabla ya kumwona, naye ni hondohondo. Hondohondo wako wa namna nyingi katika Afrika, wakubwa kwa wadogo, wa msituni na wa nyikani, wala hatuwezi kuwaeleza wote kwa mara moja. Basi tumemchagua mmoja, yule mkubwa mwenye mashavu ya rangi ya fedha, akaaye katika misitu mirefu tangu Ethiopia mpaka Msumbiji na Zimbabwe. Watu wa Usambara na wa Kilimanjaro na wa Meru wamjua sana, na hata wasafiri wapitao chini ya miti mikubwa iliyo kando ya Ziwa Manyara huweza kumwona akivuka juu ya vichwa vyao. Tumemchagua kwa sababu jinsi anavyozaa na kulea ni jambo la ajabu, tena ni jambo ambalo watu wengi hulieleza kinyume.

Kwanza tutazame umbo lake. Urefu wake hupata sentimita 75 hivi tangu ncha ya mdomo mpaka mwisho wa mkia, na uzito wake hupita kilo moja. Manyoya yake ni meusi, lakini si weusi wa kunguru au wa chungu. Jua likimpiga, weusi ule hung'aa kijani kama mafuta juu ya maji. Mgongo wake upande wa chini ni mweupe kabisa, na mapaja ni meupe, na ncha za mkia kadhalika. Mashavuni ana manyoya yenye ncha za rangi ya fedha, ndiyo yaliyompa jina. Juu ya mdomo wake mrefu pana kitu kama kofia, au tuseme kama mdomo wa pili uliopandishwa juu ya ule wa kwanza. Kofia ya dume ni kubwa, ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Ya jike ni ndogo, wala haing'ai sana. Tena ana kope ndefu machoni, jambo lisilo la kawaida kwa ndege, nazo si nywele bali ni manyoya yaliyogeuka.

Mtu akiutazama mdomo ule hudhani kwamba ndege ataanguka kifudifudi kwa uzito wake. Lakini sivyo. Kofia ile ina uwazi ndani, na mfupa wake ni kama sega la nyuki, vijumba vingi vyenye kuta nyembamba, hata ukiushika mdomo mkononi utashangaa kwa wepesi. Hata hivyo mdomo mrefu wataka shingo yenye nguvu, na kwa sababu hiyo pingili mbili za kwanza za shingo ya hondohondo zimeungana kuwa moja. Ndege wengine hawana jambo hili.

Arukapo husikika mbali. Ndege wengi wana manyoya madogo chini ya mbawa yanayoziba nafasi kati ya manyoya makubwa, lakini hondohondo amepungukiwa na manyoya hayo. Kwa hiyo upepo hupita katikati na kuvuma kwa nguvu, vuu, vuu, vuu, kama mtu apepetaye ungo mkubwa hewani. Mwenye kulima pembeni mwa msitu hana haja ya kuinua macho. Ajua ni nani apitaye. Na sauti yao wakiwa kundini ni makelele makubwa ya kukoroma na kulia, yasiyo na utamu hata kidogo. Jamaa yao mmoja, mdogo kuliko huyu, aliaye katika misitu ya karibu na pwani, sauti yake yafanana mno na kilio cha mtoto mchanga. Mgeni aliyelala karibu na msitu ule huweza kutoka nje kutafuta mtoto aliyetupwa.

Basi sasa tuingie katika habari ya nyumba. Hondohondo hajui kusuka kiota kama mnana, wala hawezi kuchimba shimo katika mti kama kigogota. Yeye hutafuta shimo lililokwisha kuwapo, mahali ambapo tawi kubwa lilivunjika zamani na mti ukaoza ndani. Shimo lile sharti liwe juu sana, na kubwa ndani, na mlango wake usiwe mpana kupita kiasi. Dume na jike huzunguka msituni wakikagua mashimo kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Wakilipata linalofaa, jike huingia ndani, na mlango ukazibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani atakaa miezi mitatu na zaidi, haoni jua ila kwa ule ufa.

Mtu asikiapo habari hii kwa mara ya kwanza husema, Kumbe, mume huyu ana wivu! Amfungia mkewe ndani ili asitembee! Na wako waliolieleza jambo hili hivyo hata vitabuni. David Livingstone, mmisionari na msafiri, katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka wa 1857, alieleza habari za hondohondo mdogo wa nchi za kusini. Alimwita jike mfungwa, na dume akamwita mtumwa wa mkewe. Akasema kwamba jike hunenepa sana kule ndani, na dume hukonda kwa kazi hata, baridi ikija ghafula, huanguka akafa. Livingstone alikuwa mtu wa kutazama vitu kwa makini, nasi hatumdharau. Lakini neno lile la mfungwa si la haki.

Maana ajengaye ukuta ni jike mwenyewe. Dume hushuka chini msituni, naye si desturi yake kushuka, akatwaa udongo na kuumeza. Kooni udongo huchanganyika na mate ukawa madonge laini. Halafu huruka mpaka mlangoni na kuyatoa madonge yale moja moja, akimpa mkewe, na jike huyapokea na kuyakandika kwa ubavu wa mdomo wake, akipigapiga kama fundi apigaye chokaa kwa mwiko. Kazi hii huchukua siku nyingi. Udongo ukikauka huwa mgumu mno. Basi mume ni mchukuzi wa udongo, na mke ndiye fundi. Hakuna aliyemfungia, amejifungia mwenyewe, na mwenye kuujenga ukuta kutoka ndani aweza pia kuubomoa kutoka ndani.

Kwa nini ajifungie? Fikirini adui walio msituni: nyoka wapandao miti, na nyani na tumbili wenye mikono ya kuchokora kila shimo, na ndege wakali walao makinda. Tena kuna hondohondo wengine wanaotafuta shimo, nao hawana haya ya kumtoa mwenye nyumba. Lakini nani atatia mkono katika ufa wa upana wa kidole, na ndani yake mna mdomo mrefu wenye nguvu ulio tayari?

Ndani ya giza lile jike hutaga yai moja au mawili, meupe. Huyalalia kwa muda wa siku 40 hivi. Kinda hutoka uchi, kipofu, hana unyoya hata mmoja, na tangu hapo yataka siku nyingine 80 hivi mpaka aweze kuruka. Hata mayai yakiwa mawili, kwa kawaida kinda atokaye nyumbani akiwa mzima ni mmoja tu. Na usafi? Wanafunzi wetu huuliza swali hili kila mara, nao wana haki. Jike hugeuka, akaelekeza mkia wake kwenye ufa, akatupa kinyesi nje kwa nguvu; na kinda, akipata nguvu kidogo, hufundika kufanya vivyo hivyo. Kokwa na maganda hutupwa nje kwa mdomo. Nyumba haina taka.

Muda huo wote chakula hutoka kwa mtu mmoja. Dume huondoka asubuhi akatafuta miti yenye matunda, hasa mikuyu na jamaa zake, akala, na mengine akayajaza kooni bila kuyasaga. Hurudi mpaka kwenye mti wake, akashika gome kwa makucha, akatikisa kichwa, na tunda moja likapanda mpaka ncha ya mdomo. Akalipenyeza katika ufa. Akatikisa tena, likaja la pili. Hivyo hivyo mpaka koo liwe tupu. Mara moja moja huleta mdudu au mjusi, lakini matunda ndiyo chakula chao.

Tena kazi hii imehesabiwa. Pale Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, palikuwa na chuo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wadachi mwaka wa 1902, na baada ya vita ya kwanza kikawa chini ya Waingereza. Mwaka wa 1928 akaja hapo Bwana R. E. Moreau, ambaye pamoja na mkewe Winifred alipenda sana kuchungua maisha ya ndege. Walitazama viota vya hondohondo huyu, wakaandika habari zake katika jarida mwaka wa 1941. Kwa hesabu walizozifanya, dume mmoja katika siku 120 za kulea huja kwenye kiota mara 1,600, na matunda ayaletayo hupata 24,000.

Wanafunzi, twaaeni kalamu mkague. Gawanyeni 24,000 kwa 120, mtapata matunda 200 kila siku. Gawanyeni 1,600 kwa 120, mtaona ya kuwa huja mara 13 kwa siku, na kitu kidogo zaidi. Na kila safari huchukua matunda 15. Wala hana Jumapili wala sikukuu, wala hana wa kumsaidia. Mvua ikinyesha, aenda. Mti wa karibu ukiisha matunda, aenda wa mbali.

Sasa mtaelewa kwa nini tumelieleza jambo hili kwa urefu. Mtu apitaye msituni na bunduki au manati, akimwona hondohondo mmoja juu ya mkuyu, hudhani ya kuwa ana ndege mmoja mbele yake. Akimwangusha, huokota nyama kidogo na mdomo wa kuchezea watoto. Hajui kwamba labda mwendo wa nusu saa kutoka pale, juu ya mti asioujua, jike amesikiliza mvumo wa mbawa tangu asubuhi nao haukuja. Jike aweza kuvunja ukuta akatoka, maana ni kazi ya mdomo wake. Lakini kinda asiye na manyoya hawezi kumfuata, na mlango ukiwa wazi na mama yu mbali, tumbili hatangoja. Risasi moja imevunja nyumba nzima, na mpigaji ameondoka akiamini amechukua ndege mmoja.

Lakini bunduki si adui peke yake, wala labda si mkubwa. Tumekwisha kusema kwamba hondohondo hawezi kuchimba shimo. Mti wenye shimo la kumtosha ndege wa ukubwa huu sharti uwe mzee na mnene. Mche uliopandwa leo hautampa nyumba katika maisha yetu, wala labda katika maisha ya wana wetu. Nao wakata miti, wakiona mti mkubwa wenye shimo, husema umeoza, haufai mbao, na uangushwe uwe kuni, kwa kuwa umeziba mwanga tu. Kwa macho ya fundi seremala wasema kweli. Lakini mti ule mbovu ndio nyumba, tena huenda ni nyumba ya miaka mingi, maana hondohondo hurudia shimo lile lile mwaka baada ya mwaka likiwa bado lafaa. Msitu waweza kuwa na mikuyu yenye matunda tele, na hondohondo wakawa wachache, kwa sababu ya uhaba wa vyumba tu.

Na mwenye shamba atauliza, Hondohondo atufaa nini sisi? Ni swali la kweli, nasi hatutaki kulijibu kwa maneno matamu. Tunda analolimeza hondohondo, nyama yake huyeyuka tumboni, na kokwa hutoka nzima, ama kwa mdomo ama kwa kinyesi, mahali pengine kabisa. Ndege wadogo hawawezi kumeza kokwa kubwa, na wengi wao huogopa kutoka nje ya kivuli cha msitu. Hondohondo hana hofu hiyo. Huruka juu ya mashamba ya chai na vijiji na mabonde, kutoka kipande kimoja cha msitu mpaka kingine, akichukua mbegu tumboni kama mchukuzi asiyejua mzigo wake una nini. Na misitu ile ya mlimani ndiyo iwekayo vijito vyetu visikauke wakati wa kiangazi.

Lakini sharti tuseme na upande wa pili. Mbegu hupandwa na hondohondo bila kuchagua. Huko Usambara ya Mashariki uliletwa mti wa kigeni, musizi, ambao kwao ni Uganda na nchi za magharibi yake. Ulipandwa kwa ajili ya mbao, kwa kuwa hukua upesi. Hondohondo wakayapenda matunda yake mno. Wakala, wakaruka, wakatupa kokwa katikati ya msitu wa asili, na leo musizi umeingia mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda, hasa palipokatwa miti ya zamani pakabaki wazi. Mabwana misitu wahangaika nao. Je, tumlaumu ndege? Sisi twaona yeye amefanya kazi yake ile ile ya siku zote. Aliyebadili mbegu ni mwanadamu. Nao msitu wa Amani, ambao tangu mwaka wa 1997 umekuwa hifadhi ya asili kwa sheria, una misizi na hondohondo pamoja, na hakuna njia rahisi ya kuondoa mmoja bila kumgusa mwingine.

Turudi kwenye mti wetu. Siku 120 au zaidi zikiisha, jike huanza kuugonga ukuta. Udongo uliokauka miezi ile yote haubomoki kwa pigo moja. Hugonga, akapumzika, akagonga tena, vipande vikaanguka chini. Halafu hutoka, na kinda hutoka pamoja naye, amevaa manyoya kamili lakini mdomoni hana kofia ya maana, ila alama ndogo tu ya mahali itakapoota. Hapa hondohondo wa msituni hupitana na jamaa zake wadogo wa nyikani. Kwa wale wadogo, jike hupukutisha manyoya yake ya kurukia akiwa ndani, yakaota mapya. Halafu hutoka makinda yakiwa bado hayajakomaa, nayo makinda yenyewe, bila kufundishwa na mtu, huuziba mlango tena nyuma ya mama yao, na wazazi wawili wakalisha kutoka nje. Huyu wetu hafanyi hivyo; mama na mtoto hutoka pamoja. Na kutoka si mwisho wa kulishwa. Kinda hukaa na wazazi wake, akiwalilia chakula juu ya matawi, na dume huendelea kujaza koo lake kama zamani. Baadaye huingia katika kundi kubwa. Wakati wa jioni makundi hayo hukusanyika katika miti ya kulala, mara nyingine mia na zaidi, na makelele yao husikika mpaka giza liingie kabisa.

Walimu na wanafunzi walio karibu na msitu wakitaka kukijua kiota, wasipande juu ya mti wowote. Watazame chini. Chini ya shimo lenye jike ndani utaona alama nyeupe za kinyesi juu ya gome la mti, na ardhini utaona kokwa nyingi za matunda ya namna mbalimbali, na miche midogo iliyoota kwa wingi mahali pamoja, miche ambayo mama zake hawako karibu. Hiyo ndiyo anwani ya nyumba. Ukiiona, rudi nyuma mwendo wa hatua mia au zaidi, ukajifiche chini ya kichaka, ukae kimya. Usisimame chini ya mti. Dume ni mwangalifu kupita kiasi. Akikuona pale hatakuja mlangoni, bali atakaa juu ya mti mwingine, koo limejaa matunda 15, akikungoja wewe uondoke kwanza, na ndani ya ukuta wa udongo kuna wawili wanaongoja pia.